Sikio la mtoto linalotoa usaha: jinsi ya kulikausha nyumbani

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mafua yalimkalia wiki nzima, kisha usiku mmoja akalia hadi alfajiri huku akilivuta sikio la kushoto. Asubuhi nikakuta mto umelowa maji ya njano na mtoto amelala fofofo. Nikashukuru, nikadhani amepona. Kumbe ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka, usaha ukapata pa kutokea, ndiyo maana maumivu yakatulia.

Bibi yake akapasha mafuta ya nazi, tukatia matone mawili, na kesho yake tena. Wiki tatu baadaye sikio lilikuwa linanuka. Nilikuwa nimeshanunua matone ya dukani pia, hayakusaidia kitu. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenifungua macho: "Mama, ukitia dawa juu ya usaha, umeupa usaha dawa. Sikio hujalipa." Somo hili lote limesimama kwenye maneno hayo. Sikio linalotoa usaha hukaushwa kwanza, dawa hufuata.

Kabla ya yote, mtoto aonwe

Mpeleke zahanati au kituo cha afya. Watakuuliza usaha umetoka siku ngapi, kwa hiyo hesabu kabla hujaondoka nyumbani. Ukiwa chini ya siku 14, kwa kawaida mtoto hupewa dawa ya kumeza, mara nyingi amoksisilini ya siku 5. Ukifika siku 14 au zaidi, hilo ni tatizo sugu, na tiba yake kubwa ni kukausha sikio na kutia matone, kama ya siprofloksasini, kwa wiki 2. Ndiyo maana dawa ya kumeza aliyoandikiwa mtoto wa jirani haimfai wako.

Usisubiri hata kesho ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele kuliko lingine. Hali kadhalika shingo ikikakamaa, uso ukipinda upande mmoja, mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au usaha sikioni ni wa hospitali moja kwa moja.

Hatua ya 1: Kitambaa

Tafuta khanga kuukuu ya pamba, ile iliyofuliwa mpaka imelainika. Kitenge kipya hakifai, kina wanga na hakinyonyi maji. Ifue kwa sabuni, ianike juani, ipige pasi, uikate vipande vya ukubwa wa kiganja na uviweke kwenye chombo chenye mfuniko. Tishu nyepesi ya chooni huchanika na kubaki ndani ya sikio. Vijiti vya pamba usivitumie kabisa, wala njiti ya kiberiti, wala unyoya wa kuku.

Hatua ya 2: Kusokota utambi

Nawa mikono kwa sabuni. Shika kipande kwenye pembe moja, ukisokote kwa vidole kama utambi wa kibatari, ncha iwe nyembamba na laini. Ijaribu kwenye kope lako: ikichoma, fungua usokote upya. Uwe mrefu kiasi kwamba sehemu kubwa inabaki nje, mkononi mwako.

Hatua ya 3: Kukausha

Mpakate mtoto, kichwa kiegemee kifuani kwako, sikio bovu lielekee kwenye mwanga. Mtu mwingine amshike mikono. Kwa mtoto mdogo, vuta sikio taratibu kwenda nyuma na chini. Akishapita miaka 3, nyuma na juu. Ingiza utambi polepole bila kusukuma. Uache unyonye mpaka ulowe, utoe, utupe, uweke mwingine mkavu. Endelea hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Siku ya kwanza nilitumia tambi saba kwa sikio moja, nikakata tamaa kidogo. Siku ya nne zilikuwa mbili.

Fanya hivi si chini ya mara 3 kwa siku. Ukimaliza, usiache kitu sikioni, hata pamba. Usaha unahitaji njia ya kutokea.

Hatua ya 4: Matone, kama umeandikiwa

Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, maana matone ya baridi humpa mtoto kizunguzungu. Mlaze ubavu, tia idadi uliyoambiwa, kisha bonyezabonyeza kile kijinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa ishuke. Abaki hivyo dakika chache. Hapa ndipo wimbo mrefu unaposaidia.

Maumivu na homa mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini si ya watoto. Maji yasiingie sikioni; wakati wa kumwogesha ziba tundu kwa pamba iliyopakwa vaselini, ukimaliza itoe. Siku ya 5 mrudishe aangaliwe, hata kama sikio limekauka.

Maswali

*Dada, huku Mwanza tunatia maziwa ya mama. Nayo yana ubaya?*

Yana ubaya, mpenzi. Maziwa ni chakula, na vijidudu navyo vinakula. Mnyonyeshe kwa mdomo, huko ndiko yanakomkinga.

*Shikamoo. Wangu ana miaka 4, sikio linauma ila halitoi kitu. Nina matone yaliyobaki kwa kaka yake, nimtie?*

Marahaba mdogo wangu. Usimtie. Ngoma ikiwa nzima, matone hayafiki kwenye ugonjwa ulioko nyuma yake. Ikiwa imetoboka, baadhi ya matone, kama ya jentamaisini, yanaweza kuharibu usikivu. Mpe dawa ya maumivu, mpeleke aangaliwe.

*Kwa nini kila akipata mafua sikio linafuata?*

Kuna mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Kwa watoto ni mfupi na umelala, hivyo uchafu wa mafua hupanda kirahisi. Usimpe chupa akiwa amelala chali, na moshi wa jiko na sigara uwe mbali naye. Angalia pia kadi ya kliniki: chanjo ya nimokoko, inayotolewa Tanzania wiki ya 6, 10 na 14, inazuia baadhi ya vijidudu hivyohivyo.

*Usaha umekauka mwezi sasa, lakini nikimwita haitiki. Mkaidi au?*

Usimchape, mama. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma hata wiki kadhaa, na tundu la ngoma nalo hupunguza usikivu. Simama nyuma yake, taja jina lake kwa sauti ndogo, uone. Asipogeuka, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Shuleni akae mbele.

*Mama mkwe hataki kusikia, mafuta ya nazi lazima. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?*

Mimi nilimpa mama mkwe wangu kazi ya kusokota tambi. Amekulia kwenye mwanga wa kibatari, vidole vyake vinajua. Tambi zake zilikuwa laini kuliko zangu, na mtoto alitulia zaidi kwake. Chupa ya mafuta ikarudi jikoni bila neno.