Kabla ya kumnywesha ng'ombe dawa, ujue mdomo wake

Msimu wa dawa ya minyoo mambo ni yaleyale: mmoja kashika pembe, mwingine kavuta ulimi, kichwa kimeelekezwa mawinguni, chupa ya soda imezama kooni. Ng'ombe akikohoa, watu husema anaikataa kwa sababu ni chungu. Uchungu wapi! Dawa inaingia mapafuni.

Mfungue mdomo ng'ombe mkubwa uangalie. Juu mbele hana jino hata moja, ana ufizi mgumu tu. Chini ana meno 8 ya kubania majani kwenye ufizi huo, na ulimi unaokwaruza kama msasa ndio unaoyazoa. Magego 24 yamejipanga nyuma, makali, tena yanakata vidole vya mtu. Kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo tupu. Hapo, pembeni mwa mdomo, ndipo pa kupitishia chupa.

Huko kooni njia ni mbili: ya hewa iko chini, na umio, yaani mrija wa chakula, uko juu yake. Anapomeza, njia ya hewa hufunikwa. Ukimnyanyua kichwa mno au ukimvuta ulimi, hawezi kumeza sawasawa, na dawa hufuata njia iliyo wazi. Siku mbili tatu baadaye anahema mbiombio, ana homa, hali chakula. Mwenye duka la pembejeo ndiye anayelaumiwa.

Basi kichwa kiwe usawa, pua isipande juu ya macho. Ulimi uache. Tumia chupa ya plastiki, maana ya kioo huvunjikia kwenye magego. Mimina kidogo, tazama koo lipande na kushuka, ndipo uongeze. Akikohoa, achia kichwa papo hapo ainame, hata kama nusu ya dawa itamwagika. Dozi hununuliwa tena.

Umio nao una balaa lake. Ng'ombe humeza kwanza, kutafuna vizuri ni baadaye anapocheua, kwa hiyo embe bichi, kiazi au kipande cha muhogo huenda kizimakizima na kukwama. Utamwona kanyoosha shingo, udenda unamtiririka, na ubavu wa kushoto unavimba kwa sababu gesi haina pa kutokea. Usisukume kwa fimbo, umio hutoboka. Mpigie daktari wa mifugo bila kuchelewa, kwani tumbo likijaa sana linambana pumzi. Kinga ni panga: katakata viazi na muhogo vipande vyembamba kabla ya kuvitia kihorini.

Na usiingize mkono mtupu kutafuta kilichokwama. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa naye hutoka udenda na kushindwa kumeza, na mate yake yakigusa mchubuko mdogo tu kidoleni yanatosha kukuambukiza. Ukiwa umeshamgusa mdomoni, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.