Jinsi ya kusoma rekodi ya mwenendo ya mfungwa aliyepelekwa Van Diemen's Land

Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 160,000 kwenda Australia. Karibu nusu yao walishushwa Van Diemen's Land, kisiwa kilichoitwa Tasmania kuanzia mwaka 1856. Huko kila mfungwa alifunguliwa ukurasa wake, na makosa na adhabu zake ziliandikwa humo mwaka baada ya mwaka. Kurasa hizo zinatunzwa na hifadhi ya nyaraka ya Tasmania, na picha zake hutazamwa bure mtandaoni. Kuzipata ni rahisi. Kuzielewa ndiyo kazi.

Anza na meli, usianze na jina. Majina yanajirudia mno, na karani aliandika kama alivyosikia. Meli moja pia iliweza kuleta wafungwa safari kadhaa, ndiyo maana faharasa huweka namba ya safari kando ya jina la meli. Ukiiruka namba hiyo utafuata maisha ya mtu mwingine kabisa. Andika kando mambo matatu: meli na safari yake, tarehe ya kuwasili, tarehe na mahali pa hukumu. Kama alihukumiwa Old Bailey, mahakama ya jinai jijini London, kumbukumbu za kesi nazo zinasomeka bure. William Cuffay, fundi cherehani Mweusi ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa St Kitts, kisiwa cha Karibi, alihukumiwa hapo mwaka 1848 kwa njama za uasi katika harakati za kudai haki ya kupiga kura. Unaweza kumfuata kutoka kizimbani hadi Hobart, mji mkuu wa kisiwa, alikofariki mwaka 1870.

Kisha chagua daftari sahihi. Hifadhi huyataja madaftari kwa namba: CON31 ni la wanaume wa enzi ya kukabidhiwa mabwana, yaani wafungwa walipogawiwa watu binafsi wawafanyie kazi, na CON33 ni la wanaume wa mfumo wa majaribio, ambapo mfungwa alianza kwa kazi za genge la serikali kabla ya kuajiriwa, ulioanza takriban mwaka 1840. Wanawake wako CON40 na CON41.

Sehemu ya juu ya ukurasa ina kosa la awali, taarifa ya gereza la Uingereza, taarifa ya meli chakavu iliyogeuzwa gereza, hali ya ndoa, na maneno ya mfungwa mwenyewe kuhusu kosa lake. Usiyapite haraka maneno hayo. Mara nyingi ndiyo mahali pekee ambapo sauti yake imebaki, na wengine hutaja humo makosa ya nyuma ambayo mahakama haikuyasikiliza.

Chini yake ndiko kwenye mambo mengi. Kila ingizo huwa na tarehe, jina la bwana au kituo cha kazi, kosa, adhabu, na mwishoni herufi za jina la hakimu. Kwa kifupi, PW ni kazi za umma, TL ni kibali cha kujitafutia kazi, CP ni msamaha wa masharti. Msomaji mgeni akiona mistari ishirini hudhani huyu alikuwa jambazi sugu. Soma makosa yenyewe: ufidhuli, uzembe kazini, kutoka bila ruhusa, ulevi, kukataa amri. Mengi ni ugomvi wa kazi. Bwana hakuruhusiwa kumchapa mfungwa mwenyewe, ilibidi ampeleke kwa hakimu. Lakini mahakimu wengi walikuwa wenye mashamba pia, na waliketi kuamua malalamiko ya majirani zao. Basi linganisha majina ya mabwana. Mtu aliyeadhibiwa mara sita chini ya bwana mmoja, kisha akakaa miaka mitatu kimya kwa mwingine, anakueleza habari za yule bwana wa kwanza.

Adhabu zilipanda ngazi: karipio, siku kadhaa za upweke kwa mkate na maji, kinu cha kukanyaga kwa miguu, viboko (25 na 50 ni idadi utakazokutana nazo sana), genge la kazi la minyororo, kisha kituo cha adhabu. Tumia miaka ya vituo kuhakiki usomaji wako. Macquarie Harbour ilitumika kwa adhabu kuanzia 1822 hadi 1833, Port Arthur ilianza 1830, na Point Puer ya wavulana ilidumu 1834 hadi 1849. Ukisoma Macquarie Harbour mwaka 1838, umekosea mwandiko au tarehe.

Kwa wanawake usitafute viboko. Kuwachapa kulikuwa kumekomeshwa, wakapelekwa kwenye kiwanda cha wanawake, yaani gereza lao la kazi, mashuhuri kikiwa Cascades, Hobart, kilichofunguliwa 1828. Humo waligawanywa kwa madaraja, na daraja la wahalifu lilikuwa la chini kabisa, lenye kazi nzito kama kufua. Kunyolewa nywele kulikuwa adhabu iliyowaumiza sana.

Sasa piga hesabu. Kifungo kilihesabiwa tangu siku ya hukumu, si siku ya kuwasili. Aliyehukumiwa miaka 7 mwezi Machi 1831 alistahili kuwa huru Machi 1838. Hati ya uhuru ikija baadaye sana, rudi kwenye adhabu utafute mahali kifungo kilipoongezwa. Ikija mapema mno, huenda umechanganya watu wawili. Mfungwa wa maisha hakuwa na siku ya kumaliza, hivyo kwake tafuta msamaha.

Rekodi ikikatika ghafla, usiandike kwamba amekufa. Tazama maombi ya ruhusa ya kuoa au kuolewa, maana aliyekuwa bado kifungoni hakufunga ndoa bila kibali cha serikali. Halafu vuka bahari uangalie Victoria, koloni la Australia bara: dhahabu ilipopatikana huko mwaka 1851, wengi waliokwisha kuachiwa walivuka, na baadhi yao walibadilisha majina.