SOMO: Kupima streini ya jumla ya urefu ya ventrikali ya kushoto (GLS) kwa programu, kwenye picha za eko (ultrasaundi ya moyo). Soma kabla ya kuuliza

Swali ni lile lile kila mara: "Programu imenipa -13 na mgonjwa anaonekana mzima, shida nini?" Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Streini ni asilimia ya jinsi msuli wa moyo unavyofupika ukilinganishwa na urefu wake mwishoni mwa diastoli (moyo ukiwa umejaa damu). Kwa kuwa unafupika, namba huwa hasi. Tukisema imeshuka, tunamaanisha imesogea kuelekea sifuri.

1. Unganisha ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wimbi la R lionekane wazi.

2. Pima shinikizo la damu, liandike. Likipanda, streini hupungua.

3. Rekodi mionekano mitatu ya apeksi (ncha ya moyo): vyumba vinne, vyumba viwili na mhimili mrefu. Mgonjwa ashike pumzi, chukua mapigo matatu kila mwonekano. Apeksi isikatwe.

4. Fremu kati ya 40 na 80 kwa sekunde. Ukikosa, punguza kina na upana wa sekta.

5. Weka alama ya vali ya aota kufunga, yaani mwisho wa sistoli (moyo kusukuma damu). Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na programu haikwambii kitu. Anza na mhimili mrefu kwa sababu ndiko vali unaiona kwa macho. Sogeza fremu moja moja mpaka ifunge, weka alama. Kama haionekani vizuri, tumia Dopla ya njia ya kutokea damu, chukua mlio wa vali kufunga. Usikubali tu makisio ya programu, hasa kwa mwenye bloku ya tawi la kushoto (hitilafu ya umeme wa moyo). Ukiweka alama mapema, namba inapungua bure, na msuli wenye afya utaonekana kama unaendelea kufupika baada ya sistoli. Ukichelewesha, ufupikaji wa baada ya sistoli unahesabiwa kama wa kawaida, na sehemu yenye upungufu wa damu inapita bila kuonekana. ANGALIZO: alama hiyo hiyo hutumika kwenye mionekano mingine miwili. Kama kasi ya moyo ilibadilika kati ya rekodi, rekodi upya.

6. Chora mpaka wa endokadiamu (utando wa ndani wa moyo). Misuli ya papilari iache nje. Upana wa eneo ufuate unene wa msuli tu. Ukigusa kifuko cha moyo, namba inaporomoka, kwani kifuko hakifupiki kama msuli. (-13 nyingi mnazoniletea zimetokea hapa.)

7. Cheza klipu, tazama kama nukta zinakwenda na msuli. Alama ya kijani ya programu si ushahidi. Zaidi ya sehemu mbili za mwonekano mmoja zikikataa kufuatwa, usiripoti GLS.

8. Soma ramani ya duara (kila sehemu ya msuli na namba yake). Mtu mzima mwenye afya huwa karibu na -20, ila programu hutofautiana.

MASWALI

Mpimaji_mpya: Mkuu, mimi nimepata -14. Ni mgonjwa?

Jibu: Umefanya hatua ya 5 na ya 6?

Mpimaji_mpya: Nilibonyeza otomatiki.

Jibu: Basi rudi hatua ya 5.

Wimbi_R: Mwalimu, mgonjwa wa tibakemia (dawa za saratani) alikuwa -21 kabla ya dawa, sasa -17.5. Nimwambie daktari wake?

Jibu: Swali zuri. Usitazame tofauti ya pointi, tazama uwiano: 3.5 kwa 21 ni karibu asilimia 17. Ikizidi 15, mjulishe hata kama EF (asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo) haijashuka. Ila kwanza hakikisha vipimo vyote viwili vimetoka kwenye programu ile ile, na shinikizo la damu halikupishana sana. Ningefungua pia klipu za zamani nikachora upya mwenyewe, zikiwa kando ya hizi mpya.

Sekta90: Kwa nini klipu zangu zikihamia kwenye kompyuta hazifuatiki vizuri? Kwenye mashine ziko safi.

Jibu: Angalia ulivyohifadhi. DICOM ya kawaida (muundo wa faili za picha za tiba) mara nyingi hubanwa hadi fremu 30. Hifadhi data ghafi.

Daktari_K: Somo refu bure. Mimi naangalia EF kwa macho, inatosha.

Jibu: Kwa mgonjwa wa Wimbi_R usingeona kitu.

Mwanafunzi_eko: Samahani, mapigo yakiwa hayana mpangilio, kama kwenye atria kutetemeka?

Jibu: Chagua mpigo ambao nafasi mbili za R hadi R zilizoutangulia zinalingana, na zikaribiane kwenye mionekano yote mitatu. Ukipata mapigo kadhaa ya hivyo, chukua wastani.

Wimbi_R: Nyongeza: ramani ikiwa nyekundu apeksi (streini nzuri) na imepauka sehemu zote za msingi (streini dhaifu), fikirieni amiloidi (protini isiyo ya kawaida kujikusanya kwenye moyo).

Jibu: Kweli. Ila kwanza uwe na uhakika apeksi haikukatwa, maana kuikata huipandishia namba za uongo.