Mashine za kupima mwanga labu, utajuaje utumie ipi

Kabla hujawasha mashine yoyote jiulize kwanza, huu mwanga ninaotaka kuupima unatoka wapi? Watu wengi wanaziita zote fotomita halafu wanashangaa majibu hayaelewani.

Kama mwanga wa taa unapita kwenye sampuli na we unataka kujua umebaki kiasi gani ng'ambo ya pili, hapo ni kolorimita au spektrofotomita (kolorimita ni ya rangi jamani, kalorimita inapima joto). Kolorimita inatumia filta, na filta unachagua ya rangi inayomezwa, siyo ile unayoiona kwa macho: pamanganeti ni zambarau lakini inameza kijani, ukiweka filta ya zambarau mwanga mwingi unapita tu na namba inakuwa ndogo, weka ya kijani ya nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo unaoamua rangi) 525 hivi uone inavyopanda.

Spektrofotomita yenyewe inachambua mwanga, unachagua nanomita unayoitaka na unaingia mpaka UV (mwanga usioonekana kwa macho), mfano DNA kwenye 260. Ila huko UV kuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) ya glasi au plastiki ya kawaida inaziba, chukua ya kwatzi. Shika zile pande zenye ukungu, futa matone, anza na blanki (ya kulinganishia), na blanki iwe na kila kitu kasoro kile unachopima, siyo maji matupu. Absorbansi (kipimo cha mwanga uliomezwa) ikisoma 2 ujue ni asilimia 1 tu ya mwanga inayofika kwenye ditekta (kipokea mwanga), kwa hiyo zimua sampuli urudie.

Sampuli ikipigwa mwanga halafu yenyewe ikatoa mwanga wa rangi nyingine, hiyo ni kazi ya fluorimita. Ditekta yake imekaa ubavuni, digrii 90, isimulikwe na taa, ndo maana kuveti yake inapitisha mwanga pande zote nne. Luminomita haina taa kabisa, mmenyuko wenyewe ndo unawaka kama kimulimuli. Fotomita ya mwali inachoma sampuli: sodiamu inawaka njano, nanomita 589.

Na sampuli yenye ukungu usiipeleke spektrofotomita ukitegemea rangi yake, chembe zinatawanya mwanga na mashine inahesabu kama umemezwa. Izungushe kwanza kwenye sentrifuji upime maji ya juu, au kama ukungu ndo unaoutafuta, tumia nefelomita, inayopima mwanga uliotawanywa.