Tafuta kwanza miche iliyojiotea
Ndugu mwenye shamba linalopakana na msitu wa Mlima Rungwe, kabla hujajaza misindano au mikaratusi kwenye kipande ulichokiacha, kikague taratibu ukitafuta miche ya asili iliyojiotea, kwa kuwa ndege na popo hudondosha humo mbegu za mikuyu na miti mingine. Chomeka kijiti kando ya kila mche, kisha fyeka magugu na mimea inayoutambalia, bila kuigusa mizizi yake. Kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, husafiri zaidi juu ya matawi, hivyo kila pengo la msitu linalozibwa kwa miti humfungulia njia. Barabara ya kuzuia moto, yaani ukanda usioachiwa nyasi ili moto usivuke, isafishwe mapema, nyasi zingali mbichi.