Ndugu yako yuko gereza la Butimba, Mwanza, na mlipuko umeingia: jinsi ya kumfuatilia atoke

Mlipuko ukiingia, iwe corona, kipindupindu au ile Marburg iliyotokea kule Kagera 2023 na tena 2025, maneno yanaanza mapema tu pale soko la Mwaloni na kwenye daladala za Buhongwa, eti serikali inaachia wafungwa wote. Haijawahi kuachia wote. Ila kuna watu huwa wanatoka kweli, na kuna wengine wangeweza kutoka ila wamebaki ndani kwa sababu huku nje hakuna aliyeshika faili lao akalifuatilia.

Hii habari ya likizo ya gereza, yaani kutoka kwa muda halafu unarudi, watu waliisikia kutoka Iran. Machi 2020 Iran ilitoa watu kama 85,000 kwa muda, na hata hao hawakuachiwa hivi hivi, yule mama Nazanin Zaghari-Ratcliffe kwa mfano alifungwa kifaa mguuni asivuke mita 300 kutoka nyumbani kwa wazazi wake. Uingereza nao wakatangaza wangetoa hadi 4,000 waliobakiza miezi miwili au pungufu, wakaishia kutoa chini ya 400. Huku kwetu njia ilikuwa msamaha. Uganda walisamehe 833 Aprili 2020, na hapa Rais Magufuli alisamehe 3,973 tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, ila ule ulikuwa msamaha wa sherehe za Muungano, na miezi michache nyuma, 9 Desemba 2019, alikuwa ameshasamehe 5,533 akiwa hapa hapa uwanja wa CCM Kirumba na corona hata hatujaisikia. Kwahiyo usikae unasubiri likizo ya gereza.

Kitu cha kwanza kabisa, jua ndugu yako ni mahabusu au ni mfungwa. Mahabusu kesi yake bado inaendelea, mfungwa ameshahukumiwa. Watu wanachanganya hapa halafu wanapoteza wiki nzima kumtafuta mtu wa parole (ile ya mfungwa kutoka kwa masharti kabla kifungo hakijaisha) kumbe kijana hata hukumu hana. Kama hujui, nenda kwa karani wa mahakama ulipofunguliwa shauri na majina yake matatu, uliza namba ya kesi, kosa aliloshtakiwa nalo, tarehe ya kutajwa, na dhamana yake imekaaje. Andika kwenye karatasi, kichwani utasahau.

Akiwa mahabusu kazi yako ni dhamana, na kwa maoni yangu hapa ndipo nguvu zote ziende maana ndio mlango pekee ambao wewe wa nje unaweza kuusukuma kwa mikono yako. Yapo makosa yasiyo na dhamana, mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine, hayo usimruhusu mtu akudanganye. Lakini wale wa wizi mdogo, ugomvi wa baa, nyavu haramu na mfano wa hayo, wengi dhamana iko wazi ila hakuna aliyeenda kusaini, au masharti yalikuwa makubwa ndugu wakakata tamaa siku ile ile. Masharti yakiwa makubwa unaruhusiwa kuomba yapunguzwe, na hakimu akikataa unaweza kwenda Mahakama Kuu. Na mlipuko unakupa hoja ya kumwambia hakimu: mtu ana pumu, ana kisukari, ana TB, ni mzee, ana mtoto ananyonya. Usiende na maneno matupu, nenda na cheti cha hospitali au kadi ya kliniki.

Wadhamini mara nyingi wanatakiwa wawili, wawe na kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa wanakoishi na picha za pasipoti, na kama kuna mali inatajwa basi nyaraka za kiwanja au nyumba. Ile barua nenda nayo mapema, mtendaji akisafiri na wewe umekwama. Kumdhamini mtu kwa hakimu hakulipiwi kitu, hela pekee ni ile mahakama imeamuru yenyewe na inakuwa na risiti ya serikali. Akitokea mtu koridoni anakwambia "nipe ya kuharakisha", achana naye.

Akiwa mfungwa, msamaha wa Rais unatolewa kwa Katiba ibara ya 45 na huwa unatangazwa zaidi 26 Aprili na 9 Desemba. Hakuna fomu ya kununua. Wizara ya Mambo ya Ndani inatangaza vigezo na magereza ndio wanachambua nani anaingia. Vigezo vinabadilika, ila kundi la wazee wa miaka 70 na kuendelea, wagonjwa mahututi waliothibitishwa na waganga, na wanawake wajawazito au wanaonyonyesha limekuwa likijirudia. Makosa kama ubakaji, dawa za kulevya na unyang'anyi huwa yanawekwa pembeni. Na wengine hawatoki, wanapunguziwa tu kifungo, kwahiyo usichinje mbuzi kabla hujauliza. Wewe unachoweza kufanya ni kuhakikisha umri wake na ugonjwa wake uko kwenye kumbukumbu za gereza. Ukipigiwa simu "tuma laki mbili jina liingie kwenye orodha", huyo ni tapeli, kipindi cha mlipuko ndio wanavuna maana wanajua huwezi kwenda kumwona ndugu yako ukahakikisha.

Parole na huduma kwa jamii zipo pia. Parole inaanzia ndani, kupitia uongozi wa gereza. Huduma kwa jamii, yaani kufanya kazi za umma badala ya kukaa gerezani, ni ya vifungo visivyozidi miaka mitatu, afisa wa probesheni anakuja mtaani kuuliza, sasa kama mmegombana na majirani malizeni kwanza.

Haya, ametoka. Kabla hajaondoka pale mwambie aulizie karatasi zake za matibabu kwenye zahanati ya gereza, hili watu hawalikumbuki kabisa. Anayetumia dawa za TB au ARV akitoka bila barua ya kuhamishiwa kituo kingine atakaa siku kadhaa bila dawa, na TB iliyokatishwa inarudi ngumu. Kama kwao ni Ukerewe tafuta mapema kituo cha Nansio, na panga pa kulala mjini maana akitoka jioni meli anaweza kuikosa.

Nyumbani mpe chumba chenye dirisha, hata kama ni kuwahamishia watoto sebuleni. Muda wa kumwangalia unategemea ugonjwa, corona tuliambiwa siku 14, Marburg ni 21. Akikohoa wiki mbili mpeleke akapime TB bila kubishana. Kipindupindu ndio usicheze, maji ya ziwa chemsha au tia dawa, choo kiwe na sabuni, akianza kuharisha mpe ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) njiani mkienda kituoni. Na wageni wa kumpa pole wapunguze, najua kwetu ni ngumu, shangazi atakasirika, mwambie apige simu.

Kwa mwenye dhamana kuna tatizo moja la huku ziwani. Kijana akitoka hana hela, tajiri mwenye mtumbwi anamwita dagoni, yaani kambi ya wavuvi, anaingia mtumbwini kwenda kisiwa cha Gozba, ambako ni Kagera tayari, na tarehe ya kesi inapita mtandao hakuna. Akikosekana hakimu anatoa hati ya kumkamata, na wewe mdhamini ndio unadaiwa ile hela uliyosainia. Kama mahakama imesema asitoke nje ya mkoa, aombe ruhusa kwanza, inaandikwa. Kama anavua karibu, ipige picha ile karatasi ya bondi (ya dhamana uliyosaini) yenye tarehe, mrushie tajiri wake WhatsApp na umwambie siku mbili kabla mtumbwi umrudishe nchi kavu.