SOMO: Mpe mtoto mita moja ya ardhi, kisha rudini palepale

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Wengi wetu tunataka watoto wapende mazingira, tunachofanya tunawatoa mara moja kwa mwaka, wanakimbia, wanapiga picha, wanarudi wamechoka, kesho yake ukimuuliza umeona nini anakujibu "miti". Simlaumu. Mtu humjui kwa kuonana naye siku moja, na ardhi ni hivyohivyo. Mi nimefanya hili zoezi na wanangu, baadae na watoto wengine wa rika lao, na kilichobadilisha watoto sio umbali tuliokwenda, ni kurudi kwenye kipande kilekile kila wiki mpaka wakaanza kukiita chao.

Tafuta kamba ya mita nne na nusu hivi, vijiti vinne, daftari lisilo na mistari na penseli. Penseli sio peni, maana karatasi ikilowa wino unaenea ukurasa mzima na mtoto analia. Kioo cha kukuza ukiwa nacho vizuri, usipokuwa nacho endelea tu. Simu ibaki mfukoni kwa dharura.

Hatua ya 1: mtoto achague mwenyewe.
Utatamani kumpeleka penye maua, muache. Wangu wa pili alichagua pembeni ya ukuta, mawe na vijani viwili vitatu, moyoni nikasema hapa hamna kitu, na ndo palipotupa mengi kuliko kote kwa sababu chini ya yale mawe palikuwa na unyevu muda wote. Kazi yako wewe ni usalama tu: pasiwe na vipande vya chupa, pasiwe karibu na magari, nyuki au njia ya siafu, na kama kuna maji jirani hata ya magotini basi huondoki hapo hata sekunde.

Hatua ya 2: piga fundo kila baada ya mita moja, zungusha kamba kwenye vijiti, umepata mraba. Chora ramani yake ukurasa wa kwanza, jiwe liko wapi, nyasi ziko wapi, na tarehe.

Hatua ya 3: kimya.
Kaeni mmefumba macho, kila sauti mpya anakunja kidole kimoja. Kwa mdogo wa miaka minne dakika moja inatosha kabisa, usimlazimishe tano. Mara ya kwanza atasikia vidole viwili, baada ya wiki chache mikono haitoshi.

Hatua ya 4: hesabuni miguu.
Hapa ndo utamu ulipo kwa hiyo msikimbie. Kwa mtoto kila kinachotambaa ni "mdudu", mwambie ahesabu. Miguu sita ni mdudu kweli, mfano sisimizi, panzi, mbawakavu, vunjajungu. Nane, huyo ni buibui na ndugu zake. Mingi mno, mwangalie kwa karibu bila kumshika: kila pingili ikiwa na jozi mbili za miguu ni jongoo, ikiwa na jozi moja ni tandu, na tandu anauma na ana sumu. Mtoto akishajua kuwatofautisha hao wawili ataacha kuwaogopa wote kwa pamoja, anajua nani wa kumpisha.

Alafu tafuteni msafara wa sisimizi (sisimizi nimesema, siafu hapana). Mtoto achukue kijiti afute mstari wanaopita, upana wa vidole viwili tu. Utaona wa mbele anasimama, anazunguka, anarudi. Wanafuata harufu waliyoiacha wenzao chini, ukiifuta ni kama umewazimia taa. Baada ya muda mmoja anavuka na njia inaungana tena. Nimeona watoto wanaosumbua darasani wakikaa hapo nusu saa hawajainua kichwa.

Hatua ya 5: geuza jiwe.
Mkubwa ndo anageuza, kwa kijiti, akiinua ule upande wa mbali kuja kwake, ili kama kuna nyoka au nge jiwe libaki katikati yenu. Angalieni, choreni, na LIRUDISHENI taratibu lilivyokuwa, hiyo ni paa ya nyumba ya mtu. Mkikuta nyungunyungu lowesha mkono kwanza kabla hujamshika maana anapumulia ngozi, ikikauka anakufa. Wangu walipenda sana kusikia kwamba Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, mzee mzima, aliwapigia nyungunyungu filimbi na piano wala hawakushtuka, ila vyungu vya udongo alimowafuga vilipowekwa juu ya piano yenyewe na nota ikagongwa wakazama mashimoni, yaani hawasikii sauti, wanahisi mtikisiko. Akaandika kitabu kizima kuhusu nyungunyungu, 1881. Mkimaliza mikono kwa sabuni.

Hatua ya 6: zikeni taka, pembeni ya mraba.
Jani bichi, ganda la tunda, karatasi, kitambaa cha pamba, kipande cha mfuko wa plastiki. Kila kimoja na shimo lake na kijiti chake. Usimwambie kitatokea nini, aandike yeye anachodhani. Fukueni baada ya mwezi, kisha miezi miwili. Ganda litakuwa linaelekea kuwa mboji, karatasi inachanika ukiigusa, plastiki iko vilevile, ukiisuuza unaweza kuifungia kitu. Ulichokuwa ukimhubiria kuhusu kutupa ovyo hutahubiri tena, amekiona. Plastiki mkaitoe, isibaki pale.

Hatua ya 7: rudini. Siku moja kwa wiki, robo saa, baada ya mvua rudini hata kama sio siku yake.
Wangari Maathai, yule Mkenya mtetezi wa mazingira, kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004 alieleza alivyokuwa mtoto akienda kijitoni kumchotea mama yake maji, akaona mayai ya chura akadhani ni shanga, kila akiyainua yanakatika, baadae akaona viluwiluwi wamejaa. Na akasema zaidi ya miaka 50 baadae kile kijito kimekauka. Angalia hapo, alijua kimepotea nini kwa sababu alikuwa anakijua kilivyokuwa.

MASWALI

Mama Pacha: Asante kwa somo. Sisi tunakaa ghorofani hatuna hata kipande cha udongo, tufanyeje?
Jibu: Dada, beseni la udongo dirishani linatosha, usipande kitu, mwagilia tu muone kitaota nini chenyewe. Au mti mmoja wa njiani, chukueni shina lake kutoka chini mpaka usawa wa macho ya mtoto.

Baba Wawili: Mkuu wa kwangu anaua kila anachokiona, anakanyaga. Nimegomba mpaka basi.
Jibu: Pole, na usiendelee kugomba. Mara nyingi anaua kwa woga au anataka kuona ndani kuna nini. Mpe kazi ya kumfuata mmoja tu kwa dakika tano na kuchora alikopita, anabeba nini, anaingia wapi. Wangu mmoja alikuwa hivyohivyo, alipogundua sisimizi "wake" ana shimo la kurudi ilikuwa ndo mwisho. Na wewe ukiona buibui ndani usimpige na kandambili mbele yake, anakuangalia wewe kuliko anavyokusikiliza.

Mwalimu wa la tatu: Nina watoto 45, hili linawezekana kweli?
Jibu: Linawezekana mwalimu. Makundi tisa ya watano, kila kundi mraba wake, na kazi zizunguke kila wiki: anayetazama, anayechora, anayeandika, anayeshika muda, anayehakikisha mawe yamerudi. Mgeuza jiwe ni wewe, kundi moja kwa wakati. Ukisikia radi hata kwa mbali wote ndani ya jengo, sio chini ya mti.

Mama Pacha: Na wakitaka kubeba vitu nyumbani?
Jibu: Kilichodondoka chenyewe sawa, jani au mbegu, ila unyoya ni bora wauchore tu. Chenye uhai kinabaki.

Shangazi: Tumefika mwezi wa tatu, mtoto anasema hamna kipya tena.
Jibu: Shangazi badilisha saa. Nendeni usiku, wewe na yeye, viatu vya kufunika miguu, tundikeni shuka jeupe karibu na mraba wenu na mlimulike kwa tochi kutoka nyuma. Nondo watakuja, na wengine ambao mchana hajawahi kuwaona. Baada ya nusu saa zima tochi, kung'uta shuka taratibu, waende zao.